Sufuria ya Watu Wawili

Mpishi alistaafu Ijumaa, na Jumatatu akamtoa mke wake jikoni.

Hakumtoa kwa ugomvi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la heshima na mikono iliyozoea moto, na alichosema asubuhi ile ni kwamba mke wake amepika miaka mingi, sasa apumzike. "Wewe kaa na cherehani yako, mke wangu," alisema akijifunga aproni. "Jiko niachie mimi." Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya kushona kwake, alimtazama juu ya miwani, akasema asante, kisha akamwonyesha vitu vilipo. Hapo ndipo mzee wetu alipotakiwa kutega masikio. Lakini mtu aliyelisha shule nzima ya bweni tangu ujana wake ana masikio ya namna yake. Alisikia chumvi, mafuta na kiberiti. Mengine yalimpita.

Hayo mengine yalikuwa haya. Chini ya meza kulikuwa na ndoo yenye mfuniko, ya maganda. Maganda ya viazi, ya vitunguu na ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, maganda ya mayai yaliyopondwa, vyote humo, na jioni vinakwenda kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba na kufunikwa kwa majani makavu. Chakula kilichopikwa hakiingii kwenye ndoo ile wala kwenye shimo lile, hata punje. Maji ya kuoshea mchele ni ya mboga zilizopandwa kwenye magunia kando ya ukuta. Chupa za vioo zinaoshwa, zinawekwa nafaka. Ukienda sokoni unachukua mfuko wa kitambaa unaoning'inia nyuma ya mlango, ulioshonwa kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, na ukienda kununua mafuta unabeba chupa yako. Fundi hakuwa mtu wa mihadhara, wala hakubandika kitu ukutani. Ndivyo nyumba yake ilivyokwenda tu. Mzoa taka, aliyepita na mkokoteni kila wiki, alikuwa akilitikisa pipa lao na kuuliza kama humo ndani wanaishi watu au kumetundikwa picha.

Baada ya Jumatatu ile hakuuliza tena.

Tusimwonee Mpishi, kipaji alikuwa nacho. Maharage yake yalikuwa laini bila kupondeka, na wali wake ulisimama punje kwa punje. Tatizo lilikuwa mkono. Mkono ule ulikuwa umesomea kwenye masufuria ambayo wasaidizi wawili waliyabeba kwa kusaidiana, na katika maisha yake yote ya kazi haukuwahi kushika kikombe cha kupimia. Ulipima kwa ndoo na kwa karai, na chumvi kwa kiganja kizima, na wasaidizi waliapa kwamba kiganja kile hakikosei. Sasa kiganja kilekile kilizama kwenye mchele wa nyumba ya watu wawili. Siku ya kwanza walikula wali. Siku ya pili walikula wali uleule. Siku ya tatu Mpishi aliona haya kumwekea mke wake chakula cha juzi, akapika mwingine.

Uliobaki aliupeleka wapi? Aliupeleka pale alipoona panafaa. Shuleni masalio yote yalichukuliwa na mfugaji mmoja aliyekuja na mapipa yake baada ya kila mlo, kwa hiyo Mpishi alikuwa hajawahi kuonana uso kwa uso na chakula chake kikiwa kimelala. Aliinua mfuniko wa ndoo ya maganda, akamimina wali, maharage na mchuzi wenye mafuta yake, akaenda kuvimwaga shimoni. Tena akirudi alijisifu moyoni kwamba na yeye sasa ni mtu wa mboji. Kilichozidi hata huko kilikwenda kwenye pipa la taka, na pipa likaanza kuvimba mfuniko.

Shimo lilianza kunuka. Nzi wakaja, na baada ya nzi wakaja panya. Panya akishakula akashiba hatulii. Alipita chini ya mlango wa nyuma, akavuka jiko, akaingia kwenye chumba cha kushonea, ambako gauni la bibi harusi mmoja lilikuwa limetundikwa likisubiri vifungo. Aliutafuna upindo wake kwa nafasi, kuanzia mshono wa pembeni hadi katikati.

Fundi alipokasirika hakupaza sauti, aliipunguza. Alimwita mumewe, akamwonyesha gauni, halafu akamchukua hadi shimoni akiwa na kijiti mkononi. Alifukua kidogo tu. Wali ulikuwa pale, umegandamana, umeota ukungu wa kijani, na mafuta yalikuwa yameshika majani makavu yakawa utando mmoja mzito.

"Hii haiozi vizuri, Mzee. Inavunda tu," alisema. "Nilikwambia cha kupikwa kisiingie humu."

"Uliniambia?"

"Nilikwambia ukiwa unatafuta kiberiti."

Mpishi alijikuna kisogo. Fundi alikitupa kile kijiti, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Sikukatazi kupika. Unapika vizuri kuliko mimi, hilo halina ubishi. Ila siku nyingine nikikuta chakula kimemwagwa, mahali popote, jiko nalirudia mwenyewe. Na sitagomba. Nitaingia tu nijifunge aproni."

Gauni aliliokoa kwa kulizungushia lesi pana upindo wote, na bibi harusi alifurahi akadhani ndio mtindo. Lakini maneno aliyoambiwa shimoni hayakufutika. Mpishi alikwenda nayo hadi kitandani. Yeye hakujua kukaa. Alikuwa ameshajaribu mchana mmoja kwenda kwenye benchi la nje ya duka, wanakoketi wastaafu wenzake kupiga soga na kusema vibaya serikali na magoti yao, na kabla chai haijapoa alikuwa amesimama. Bila jiko angebaki mtu wa kuketi na kungoja kuwekewa sahani, na wazo hilo lilimtia hofu ya kweli. Aliamua kwamba hakitamwagika kitu tena katika nyumba ile.

Kwanza alijaribu hesabu. Alichukua vipimo vya shule, alivyovijua kwa moyo, akavigawanya hadi akafika watu wawili. Vitunguu vilitoka robo ya kitunguu. Mafuta yalitoka kiasi cha kupaka kisigino. Alipika kwa hesabu ile akiwa amekunja uso kama daktari, na sufuria ilipoanza kuchemka akachungulia ndani, akaona maji mengi na mchele umejikunyata chini. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mchele. Uliporudi ulikuwa umejaa.

Basi akageukia viporo. Hapa ufundi wake ulimsaidia. Wali wa jana aliukaanga asubuhi kwa kitunguu na yai. Maharage aliyaponda, akayaviringisha, akayachoma kwenye kikaango. Yaliyobaki aliyatia maji na nyanya yakawa supu, na mabaki ya supu akayapikia viazi. Mkate uliokauka aliukata vipande, akavikausha na kuvitupia juu ya hiyo supu. Kwa siku kadhaa Fundi alikula akisifia. Kisha mchana mmoja aligeuza kijiko, akakichungulia.

"Mzee, haya maharage nayajua. Tulionana Jumatatu."

"Jumatatu yalikuwa mazima."

"Naona. Yamebadilisha nguo."

Alicheka, lakini hakumaliza, na Mpishi alibaki ameshika sahani yenye supu ya kizazi cha nne. Kiporo kimoja kilikuwa kimeshughulikiwa, ila nyuma yake kulikuwa na vingine kwenye foleni, maana kila siku alipika upya na kila siku mkono ulizidisha.

Akamkumbuka jirani. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mama mchangamfu, mfanyakazi wa posta, aliyeishi na mama yake mzazi. Mpishi alijaza bakuli la maharage, akalipitisha juu ya ukuta. Jirani alishukuru mno. Kesho yake bakuli lilirudi, na kwa kuwa huyo mama alilelewa na watu, halikurudi tupu. Lilirudi na boga lililopikwa, limefurika. Mpishi naye hakulelewa na mbuzi. Akalirudisha na wali. Likaja na viazi vitamu. Katika wiki ile bakuli lilivuka ukuta kwenda na kurudi hadi rangi ya ukingo ikaanza kubanduka, na chakula katika nyumba ya Mpishi, badala ya kupungua, kikawa kimeongezeka kwa hisani ya majirani. Mwisho jirani mwenyewe alimwita ukutani, akashusha sauti.

"Shemeji, nakuheshimu sana. Lakini tafadhali, tusimame hapa. Friji langu halifungi."

Ikabaki njia moja. Mpishi alipiga moyo konde akaishika, akawa pipa yeye mwenyewe. Alimpakulia mke wake, akampelekea mezani kwenye chumba cha mbele, akasimama mlangoni na taulo begani kuhakikisha hakosi kitu. Alipoona amemaliza, alirudi na vyombo jikoni, akausogeza mlango kwa mguu, akala kila kilichokuwa kwenye sufuria. Alikula akiwa amesimama, kwa mwiko, akianzia pembeni na kumalizia na ukoko. Vyombo vilikuwa vyeupe. Pipa la taka lilikuwa jepesi, na mzoa taka akarudia utani wake. Fundi alifungua ndoo ya maganda, akakuta maganda matupu, akamtazama mumewe kwa jicho la kuridhika ambalo lilimlipa kila kitu.

Lilimlipa kila kitu isipokuwa tumbo. Aproni ilianza kukataa kufunga. Alasiri alikuwa akihema kwa kupanda ngazi ya mlango wa nyuma, na alipoinama kuchukua ndoo aliona nyota. Fundi alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni umri. Akamwambia aje wale pamoja mezani, maana kila siku anamkaribisha na kila siku anakataa. Yeye akasema, "Endelea tu, mama, mimi nimeshiba kwa harufu."

Mchana mmoja alikuwa amezidisha kuliko siku zote. Palikuwa na viazi na mchuzi wa mboga, na sufuria ilikuwa bado nzito Fundi alipomaliza kula. Mpishi aliikumbatia kwa mkono mmoja, akafungua kishikizo cha suruali ili kupata nafasi, akaanza. Alipofika katikati jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni. Alitua, akapumua, akajisemea neno la kujitia nguvu, akapeleka mwiko mdomoni. Mlango ukasukumwa. Fundi alikuwa amekuja kutafuta maji ya kutia kwenye pasi.

Walitazamana. Kiazi kilikuwa shavuni.

"Unafanya nini?"

Mpishi alimeza kwa taabu. "Namalizia."

"Unamalizia nini, na umeniambia umeshiba?"

Fundi alimsogelea, akamtoa sufuria mikononi, akaiweka juu ya meza. Alichungulia ndani, akakitazama kile kishikizo kilichofunguliwa, na polepole akaelewa sehemu moja ya mambo. Lakini uso wake haukuonyesha ushindi wa mtu aliyegundua jambo. Ulionyesha kuumia.

"Kaa chini, Mzee."

"Nitakaa nikishaosha..."

"Kaa."

Alikaa kwenye kigoda cha kumenyea viazi. Fundi alivuta kiti, naye akaketi, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Tangu uanze kupika hujala na mimi hata siku moja," alisema, na sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Unaniwekea sahani, halafu unasimama pale mlangoni kama mhudumu wa hoteli, unanihesabia matonge. Nikisema karibu, unasema endelea. Halafu nakukuta umejificha huku, unakula peke yako kwenye sufuria. Mimi nilidhani ukistaafu..." Alisita, akavua miwani. "Nikadhani kula na mimi kunakuchosha. Niambie tu kama ndivyo. Mimi mtu mzima."

Mpishi alishtuka hadi shibe ikamtoka. Alikuwa amejiandaa kujitetea kuhusu viazi. Hili hakulitegemea hata kidogo.

"Sivyo, mke wangu. Wallahi sivyo. Mpishi hakai."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo kazi ilivyo." Alijifuta jasho kwa taulo, akatafuta namna ya kulieleza jambo ambalo hakuwahi kulieleza kwa mtu yeyote, maana wote aliofanya nao kazi walilijua. "Mpishi anakula wa mwisho. Anakula amesimama, kwenye sufuria, akishaona kila mtu amepata. Ukikaa kula kabla foleni haijaisha, wewe si mpishi. Siku moja, bado kijana, nilikaa nikala mapema, na maharage yakaisha foleni ikiwa bado ipo. Wasichana wa mwisho waliondoka na sahani tupu. Hawakusema kitu, na hilo ndilo lililoniua. Tangu hapo kila sufuria naweka ya walaji, halafu naongeza ya wachelewaji, halafu ya mpishi. Mkono unaongeza wenyewe, hauniulizi. Nimejaribu hesabu, nimejaribu kila kitu. Na wewe ulisema ukikuta kimemwagwa unalirudia jiko. Sasa nikishindwa hata kukupikia, mimi hapa nyumbani nafanya nini?"

Nje, jirani alikuwa akianua nguo, na vibanio vililia kimoja kimoja kwenye kopo.

"Ya wachelewaji," Fundi alisema. "Hapa kwetu nani anachelewa?"

Mpishi aligeuka kutazama mlango, kana kwamba kuna mtu angeingia.

"Nitakwambia mimi," Fundi alisema. "Aliyekuwa akichelewa hapa alikuwa mmoja tu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayefumua mshono wa zamani, uzi mmoja baada ya mwingine, ili asichane kitambaa.

"Tulipooana nilikuwa napika ya wawili. Kila siku. Nakusubiri. Unaingia, viatu bado hujavua, unasema, 'Nimeshakula.' Unapita kulala, maana alfajiri unatakiwa kwenye masufuria yako. Mimi najilia changu, chako nakifunika, nikijiambia labda ataamka na njaa. Asubuhi nakwenda kukimwaga nyuma kabla watu hawajaamka. Nilikuwa naona aibu, Mzee. Mke mpya, kila siku anamwaga chakula cha mumewe. Wakiniona watasema nini? Nilikwenda hivyo muda mrefu, kila siku najiambia leo atakula. Siku moja nikaamka nikaenda sokoni, nikanunua sufuria ile ndogo." Aliionyesha kwa kidevu. Ilikuwa imetundikwa juu ya meko, nyeusi chini, na Mpishi alikuwa hajaigusa tangu Jumatatu ile. "Nikapika yangu, na alipozaliwa mtoto nikaongeza ya mtoto, hadi alipokwenda kujitegemea. Hakikubaki kitu, na moyo ukatulia. Baadaye ndiyo yakaja mashimo na magunia na mifuko, na watu wananisifu, Fundi hatupi kitu, Fundi mtunza mazingira. Wasifu tu, na mimi nimeyapenda, siwezi kuishi vingine. Lakini nilianza kwa sababu sikutaka tena kuimwaga sahani yako."

Mpishi aliikumbuka ile sahani. Hilo ndilo lililomkata maini. Aliikumbuka vizuri sana, mezani, imefunikwa na sahani nyingine, na yeye alfajiri akiipita akiwa amebeba viatu mkononi asije akamwamsha.

"Nilidhani ni kifungua kinywa chako," alisema.

Fundi alimtazama, na kicheko kikamtoka bila ruhusa, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, kisha akainamisha kichwa akajifuta macho kwa pindo la kanga. Mpishi alinyoosha mkono ule mkubwa usiojua kiasi, akaushika wa mke wake, akahisi ncha za vidole zilizoota sugu kwa sindano.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia," Fundi alisema. "Funga suruali."

Asubuhi iliyofuata Mpishi alilisha ndoo yake ya maganda, akamwagia magunia maji ya kuoshea mboga, halafu, kabla hajabandika chochote, akaenda kwenye chumba cha kushonea. Alisimama pembeni ya cherehani akisubiri mshono ufike mwisho.

"Leo una njaa kiasi gani?"

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio. "Swali gani hilo?"

"Nakuuliza. Shuleni sikumuuliza mtu, niliambiwa idadi. Wewe una njaa kiasi gani, na unataka nini?"

Alifikiri kweli, sindano ikiwa imesimama hewani. Ilionekana ni jambo ambalo hata yeye alikuwa hajajiuliza siku nyingi. "Wali kidogo," alisema. "Mchicha mwingi. Na chumvi punguza."

"Chumvi ina nini?"

"Mzee, ile chumvi bado ni ya shule."

Mpishi alipokea pigo lile kiume. Alirudi jikoni, akaitungua sufuria ndogo, akaiosha. Hakupima kwa kiganja wala kwa hesabu. Alichukua sahani mbili, akaziweka mezani, akamimina mchele mkavu kwenye kila moja kiasi alichoona kwamba kikiiva kitaijaza, kiasi cha mke wake na kiasi chake, kisha akaviunganisha sufuriani. Maji yalipoanza kuchemka mkono ulimwasha. Ulikwenda hadi kwenye chupa ya mchele, ukashika kizibo. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mtoto mkorofi, akaurudisha, akaupa mchicha uukatekate.

Alipoepua alivua aproni, jambo ambalo hakuwahi kufanya chakula kikiwa cha moto, akaketi. Kukaa kwenyewe kulimpa tabu. Aliinuka kufuata kijiko kilichokuwa tayari mezani, akaketi. Aliinuka kutazama kama moto umezimwa. Akaambiwa kaa, akakaa. Fundi alikuwa na habari za mteja aliyetaka gauni alilolivaa kabla ya kuzaa limfae baada ya kuzaa, bila kuongezwa kitambaa, na katika kuisimulia alimwigiza mteja mwenyewe alivyovuta pumzi mbele ya kioo, hadi Mpishi akapaliwa. Hakujua kwamba mke wake ni mchekeshaji. Miaka yote hiyo mambo ya aina hii yalisemwa mezani, naye hakuwepo mezani. Aliona uchungu na furaha kwa pamoja, akala polepole ili yasiishe haraka.

Fundi naye alikula. Alikula akizungumza, akachovya, akapangusa sahani, na wala hakutambua ameimaliza mpaka kijiko kilipogonga tupu. Aliisogeza mbele.

"Niongezee."

Mpishi alifunua sufuria, ingawa alijua. Ndani hapakuwa na kitu, hata punje ya kudanganyia. Joto lilimpanda usoni kama siku ile ya ujana wake, akiwa ameshika upawa mbele ya foleni.

"Kimeisha," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi hakuirudisha sahani. Aliendelea kuinyoosha, akimtazama. Ndipo Mpishi alipotazama mbele yake mwenyewe na kukumbuka kwamba leo ana sahani. Alichukua kijiko, akagawa wali wake katikati, na mchicha, akamsukumia mke wake upande uliokuwa mwingi zaidi. Fundi aliupokea bila kusema asante, akaanza kula.

"Jioni utakula hapa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nitakula hapa."

"Basi jioni ongeza kidogo," Fundi alisema.